Siku Nilipoitengeneza Redio ya Ukweni

Jamani, hili jambo nimelificha miaka mingi, na mke wangu Zuhura hata leo akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hutaja neno moja tu, "redio", nami nanywea pale pale. Basi leo nalisema mwenyewe, mcheke yaishe.

Ilikuwa miaka ile ya sitini, ndiyo kwanza nimeoa, nafanya kazi Dar es Salaam kwenye duka la kutengeneza redio. Kazi yangu yenyewe ilikuwa kufagia na kuzifuta redio vumbi (hapo sikuwahi kufafanua, na ukweni hawakuwahi kuuliza), kwa hiyo kule Mlingotini kwa wakwe zangu nilijulikana kama fundi. Siku hiyo tumekwenda kuwasalimu, tukakuta baraza imejaa watu, maana shemeji yangu Omari, aliyekuwa Tanga, ameandika barua kwamba salamu zake zitasomwa redioni saa kumi, na baba mkwe, Mzee Kombo, kaalika mtaa mzima. Redio iko mezani, imeunganishwa na betri ya gari, kitaa chake kinawaka, lakini haitoi hata mkwaruzo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mungu kakuleta! Hebu itazame, imegoma tangu adhuhuri."

Hapo ningesema sijui, habari ingekwisha. Nikasema, "Hilo dogo, baba."

Nikaizunguka, nikaigonga mgongoni, nikaitegea sikio kama daktari, nikachomoa nyaya za betri nikazilamba (sijui kwa nini, ila nilimwona fundi wetu akifanya hivyo), nikazirudisha. Kimya. Watu wananitazama, saa inakwenda, jasho linanitoka, nikatamka kwa sauti nzito, "Mawimbi hayafiki. Waya unataka kupanda juu." Wazee wakatikisa vichwa, wakaambiana kweli huyu kasoma.

Nikapanda juu ya paa la makuti, waya nimeuzungusha kiunoni juu ya kikoi. Naunyoosha, nauliza, "Imesema?" Chini wanajibu kwa pamoja, "Bado!" Nasogea tena. "Sasa je?" "Bado!" Mzee mmoja akapiga kelele nigeukie Tanga, maana ndiko salamu zinakotoka, nami, fundi mzima, nikageuka. Ufito ukalia ka! Nikazama.

Nimeangukia wapi? Chumbani kwa mama mkwe, Bi Mwanahija, amekaa kitandani, amejipaka liwa uso mzima, mweupe pe, akijitayarisha kwa ajili ya wageni. Nikashukia katikati ya kitanda cha kamba, kamba zikakatika, sote wawili tukawa sakafuni, na kikoi changu kimebaki kule juu kinaning'inia pamoja na waya. (Ndani nilivaa kaputura, lakini kaputura yenyewe ilikuwa na madirisha.) Mama akapiga yowe, "Jini!", na mimi nikapiga yowe nikidhani jini ni yeye. Nikavuta kitu cha kwanza mkono wangu ulichokigusa, kanga yake, nikajifunga, nikatoka mbio hadi barazani, mbele ya mtaa mzima, kichwa kimejaa vumbi la makuti.

Hata kucheka walisahau. Mama mkwe akatoka nyuma yangu na liwa yake usoni, akaenda moja kwa moja kwenye redio, akazungusha kitufe cha sauti.

"Hii niliipunguza mimi mchana, kichwa kilikuwa kinaniuma! Si mngeuliza?"

Redio ikanguruma: "...anawasalimu baba yake Mzee Kombo, mama yake Bi Mwanahija, dada yake Zuhura, na shemeji yake Rajabu, fundi wa redio."

Hapo ndipo walipocheka. Kuna waliolala chini. Baba mkwe peke yake hakucheka, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kanga, akasema taratibu, "Kavae, mwanangu."

Wiki nzima nilishinda juu ya paa nikirudishia makuti. Mama alinisamehe, lakini kwa miaka mingi kila akiambiwa nimefika, alitazama juu kwanza. Nami niliapa kwamba nisichokijua nitasema sikijui, na kama kusema kunanishinda, nitaondoka.

Mwezi uliopita, hapa Bagamoyo, kompyuta ya binti yangu iligoma kuwaka, kitaa tu kinamulika na kioo ni cheusi. Akaniita, "Baba, hebu njoo u..." Sikungoja amalize. Nilichukua kofia yangu nikaenda msikitini, na adhana ilikuwa bado saa nzima.