Mate ya Mzee, Jina la Askari

Binti wa kaka yangu alipotuambia amepata mchumba, tulishangilia mpaka tulipouliza jina la ukoo la kijana. Lilikuwa letu.

Ni jina la askari aliyekuja zamani kutoka Sudan. Sisi wa Koboko, huku Uganda, tunasema ni babu yetu. Wale wa Arua wanasema ni babu yao. Basi miaka yote tumeitana ndugu, tukazikana, tukalishana siku za Idi. Na ndugu hawaoani. Shangazi yangu alitoa hukumu hiyo akichambua maharage, wala hakuinua uso. Binti alitoka nje akilia.

Mimi, msomi wa familia, nikajitia kati. Nikasema kuna kipimo cha DNA: mwanamume mmoja kila upande, kwetu mimi, anatema mate kwenye kichupa, yanatumwa ng'ambo, jibu linakuja kwenye simu. Moyoni nilitumaini pia kuthibitishwa kuwa mjukuu wa shujaa.

Tulikwenda Arua kwa babu wa kijana, mwanajeshi mstaafu anayeuza magodoro. Shangazi alikuja pia, maana mzee huyo ndiye mtani wake mkuu.

"Wewe bado iko hai?" alimwuliza mlangoni.

"Nangoja wewe utangulie."

Nikampa mzee kichupa. Alinitazama kana kwamba nimemwomba suruali yake.

"Mate ya muzee iko ya baraka. Natemea mutoto, natemea ng'ombe. Posta, hapana."

Alifikiri kidogo, kisha akawaita wachumba. Wakapiga magoti katikati ya magodoro, naye akawatemea utosini, pu, pu, kama babu zetu walivyobariki. Ndipo akanyoosha mkono.

"Na kama wao iko ndugu?" nikauliza.

"Basi iko ndugu ya baraka. Leta chupa."

Wiki zilizofuata binti aliitazama simu yangu zaidi ya alivyonitazama mimi. Jibu lilinikuta juu ya bodaboda, karibu na soko. Kwa upande wa baba, koo zetu hazikuhusiana hata kidogo. Nilimpigia binti palepale. Alipiga vigelegele hadi dereva akacheka.

Mzee alisema jeshini mtu aliweza kuandikwa kwa jina la mkubwa wake. Nani aliazima jina kwa nani, kipimo hakisemi. Yeye anasema ni sisi. Mimi nasema ni wao, ingawa sauti yangu imepungua.

Siku koo mbili zilipotambulishana kabla ya harusi, Shangazi alimwona mzee, akafungua kinywa, akakumbuka. Mkwe hataniwi. Alipiga magoti, akasalimu macho yakiwa chini, kisha akaja kuketi kando yangu.

"Wewe na chupa yako," alininong'oneza. "Sasa mimi natania nani?"

Upande wa pili mzee alikaa wima kama siku ya gwaride, naye amenyimwa mtani, akinikazia macho mimi.