Siku Niliyoiita Chai ya Hooyo "Insipid"

Enzi zetu pale Garissa, neno jipya la Kiingereza lilikuwa mali. Ulilibeba kutoka darasani, ukawatambia majirani nalo wiki nzima. Tukiwa darasa la sita, mwalimu wetu, mpole aliyetoka Kitui, alituandikia ubaoni "insipid". Akaeleza kwamba ni chakula au kinywaji chapwa, kisicho na ladha, na kwamba hata maneno ya mtu yaweza kuwa hivyo. Sisi, ambao Kisomali chetu hakina "p", tukaitikia kwa sauti moja, "insibid". Akacheka, akatuagiza tuandike sentensi kuhusu kitu cha nyumbani.

Mwaka ule ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu. Hooyo, mama yangu, aliyezoea kuuza maziwa sokoni, alitupikia chai ya rangi bila sukari, na anjera, chapati zetu laini za maji, isiyoguswa na samli. Basi nikaandika kwamba chai ya mama yangu ni insipid. Mwalimu akaniwekea alama ya sahihi, nami nikakimbia nyumbani kumsomea.

Hooyo hakujua Kiingereza, akaniuliza maana. Nikamweleza kwa Kisomali, nikijivuna, mpaka nilipoona ameacha kupuliza makaa. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama mwalimu naye ameisoma sentensi hiyo. Nikamjibu ameisoma.

Kesho yake asubuhi nilikuta kikombe kimoja cha chai ya maziwa ya mbuzi, tena yenye sukari. Dada yangu Habiba akaninong'oneza kwamba Hooyo alitoka baada ya swala ya alfajiri kwenda kuyaomba kwa rafiki yake, Hooyo yuleyule ambaye zamani watu ndio waliokuwa wakimwomba yeye. Nikamsogezea Hooyo kikombe, nikamwomba msamaha.

Akanywa funda moja, akanirudishia. "Neno hukulikosea," akasema. "Chai kweli haikuwa na ladha. Lakini sema alhamdulillahi kwanza, ndipo useme Kiingereza."

Tukainywa kwa zamu, mimi, yeye na Habiba.

Siku hizi wanangu wana friji iliyojaa maziwa ya pakiti. Wanaonja pilau macho yakiwa kwenye simu, wanakunja pua: "Mathe, hii haina taste." Nacheka, namshukuru Mungu kwamba hawakuujua ukame ule, ingawa wakati mwingine natamani wangeujua kwa siku moja tu.

Hooyo sasa ni mzee, na chai yake huijaza sukari kupita kiasi. Daktari amenikataza vitu vitamu. Lakini nikienda kwa Hooyo, nainywa chai yake mpaka tone la mwisho.