Mama Amebomoa Hoja Yangu Kuhusu Filamu za Mfululizo

Filamu ya mfululizo ni ile inayomrudisha shujaa ambaye watazamaji walikwisha kumfahamu katika filamu iliyotangulia.

Fasili hiyo niliitoa leo mchana, mezani, hapa Kasulu. Nikaongeza kwamba filamu hizo huvunja rekodi za mauzo kwa sababu moja tu: matangazo.

Mama akaweka kijiko chini.

"Profesa, gari la sinema lilipokuja Kibondo miaka ya sabini, nani alitutangazia shujaa?"

Dada yangu alicheka waziwazi.

Wakati huo Mama alikuwa na miaka tisa. Yeye na wenzake walikuwa wamevuka mpaka wa Burundi pale Mabamba wiki chache kabla, wakiwa wakimbizi, na baba yake alibaki huko, bila habari zake kuwafikia. Watoto wenyeji hawakumwita kucheza.

"Shujaa akatokea kwenye shuka la kuonyeshea sinema. Nikapiga kelele: huyu namjua! Nilimwona kwetu!"

Wakamsogezea mkeka. Kiha chao na Kirundi chake vilielewana. Shujaa alipopigwa risasi, wote wakamgeukia Mama: "Atapona?"

"Nikawaambia, ego, ndiyo, atapona."

"Kumbe ulishaiona filamu hiyo?" nikamuuliza.

"Wapi! Niliona ile ya kwanza tu. Lakini yule ilikuwa lazima apone, mwanangu."

Akapona. Kesho yake watoto wakampitia Mama kwenda kisimani.

Babu hakurudi.

Namshukuru Mama kwa kunisahihisha. Nawashukuru pia watoto wale, ambao sasa ni wazee, kwa ule mkeka.

Nanyi mnaonaje: tunakata tiketi ili tuone jambo jipya, au ili tuwe na hakika, angalau kwa saa mbili, kwamba tunayemfahamu atarudi?