Breki za Tela Nimefunga Mwenyewe

Jamani, leo baba mkwe kanisifu kwa sababu ya kosa la waya.

Nilinunua kile kidude cha kufunga kwenye pikapu, ili ukikanyaga breki, tela nalo lishike breki zake. Fundi wa Mikumi akasema nimpelekee gari.

Mimi? Niliyeangalia video mpaka mwisho? Nikafunga mwenyewe.

Asubuhi nikatoka Mabwerebwere na tela la mahindi. Mbele namwona baba mkwe anatembea pembeni ya barabara. Nikapiga honi ya salamu nipite zangu, kama siku zote.

Tela likashika breki zote! Paji la uso likagonga usukani. Pikapu ikasimama sambamba na mzee.

Kumbe waya wa kidude nimeuunga kwenye honi badala ya breki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Miaka yote unanipigia honi kama mbuzi. Leo umesimama!"

Nikamfungulia mlango.

Mbele kidogo akasema, "Yule mdogo wangu, msalimie." Nikapiga honi. Tukasimama. Mara binamu yake. Tukasimama tena. Mimi nasugua paji la uso, mzee anatabasamu.

Sasa hivi mke wangu ananiambia baba kapiga simu, anasema nimekuwa mtu wa heshima. Kesho Ijumaa nikitoka tena na tela, nimpitie nimpeleke msikitini. Njia nzima hiyo ni ndugu zake!

Nishaurini: waya niuhamishe, au niendelee kuwa na heshima?