Uyoga kwenye Nyasi za Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu hapa Garissa, baba yangu alifanya jambo lililomfanya achekwe na mtaa mzima: alipanda nyasi ambazo mbuzi hawakuruhusiwa kula. Alikuwa karani wa serikali, na nyasi za namna hiyo alikuwa ameziona mbele ya nyumba za wakubwa wake, zimekatwa zikalingana. Akamwaga samadi uani, akapanda, akawa anazimwagilia maji tuliyoogea. Wenzetu walitafuta majani ya mifugo hadi ng'ambo ya mto Tana, sisi kwetu kazi ilikuwa kufukuza kuku wasizikanyage.

Bibi yangu mzaa baba, ayeeyo kama tunavyomwita sisi Wasomali, alikuja kuishi nasi baada ya ukame. Maisha yake yote alichunga upande wa Balambala. Ukame ule ulimmalizia kundi lote, akabaki na mbuzi mmoja tu, Addey, jike jeupe lenye sikio lililochanika. Siku aliyofika alizitazama zile nyasi kwa muda mrefu.

"Hizi ni za nani?" akamuuliza baba.

"Ni za kutazama tu, hooyo," baba akamjibu mama yake.

"Za kutazama," akasema ayeeyo, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba. Hakuongeza neno.

Kwa kweli siku hizo hakuwa akiongeza neno kwa lolote. Aliswali, akala matonge mawili matatu, akalala. Mama alinong'ona na majirani kwamba mzee amekuja kwetu kungojea siku zake. Nililisikia hilo likaniuma sana, maana nilimpenda, na sikujua mtoto kama mimi afanye nini ili bibi yake atake kuishi. Kitu pekee kilichomwinua mkekani ni mimba ya Addey. Kila asubuhi alikwenda kumpapasa tumbo kwenye kibanda chake kando ya ukuta, kisha akarudi kulala.

Halafu ikaja mvua. Sisi wa huku mvua tunaiomba kila mwaka, lakini ile ya mwishoni mwa miaka ya tisini ilikuja kana kwamba maombi yote yamejibiwa siku moja. Barabara zikakatika, mto ukafunika mashamba, sukari ikaadimika madukani. Asubuhi moja ilipotulia kidogo nilitoka uani, nikakuta vitu vimeota kwenye nyasi za baba. Vilikuwa vyeupe, vya mviringo, vingine vikubwa kama kisahani cha chai, vimejipanga kando ya ukuta wa udongo hadi mlangoni pa kibanda cha Addey. Jana yake havikuwepo, na mimi sikuwahi kuona kitu kama hicho.

Mama akamwita jirani yetu, mwalimu mmoja wa kutoka Bungoma. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni. "Mwalimu, kuja uone hii kitu. Hii ni nini imetoka kwa nyumba yetu?"

Mwalimu akachuchumaa, akavigeuza kwa kijiti. "Uyoga huu, mama. Kwetu kuna ule tunaokula mpaka nyama tunaisahau, na kuna ule ukiula hulioni jua la kesho. Lakini huu siujui. Watoto wasiuguse."

Tukamshukuru. Ayeeyo alikuwa amesimama nyuma yetu, na yeye hakuhitaji mwalimu.

"Barkin-waraabe," akasema. Ndivyo uyoga unavyoitwa kwa Kisomali, yaani mto ambao fisi hulazia kichwa. Kisha akatueleza, na yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu afike. Fisi akishamchagua mnyama, huja kulala karibu naye, na pale alipolaza kichwa huota uyoga huo. Huko malishoni hawangoji kujua kama ni kweli au uongo. Wanahamisha mifugo kwanza, maswali baadaye.

"Ayeeyo, hapa ni mjini," mama akasema. "Tutahamia wapi?"

Ayeeyo akafungua kamba ya Addey, na kwa kuwa jikoni kulikuwa kunavuja, akampeleka moja kwa moja sebuleni, akamlaza juu ya zulia la wageni.

Baba aliporudi kula mchana alisimama mlangoni, viatu vya matope mkononi. Mama akamweleza.

"Hooyo," baba akasema polepole. "Mbuzi? Sebuleni? Mwalimu amesema ni uyoga tu."

"Mwalimu anajua mambo ya kwao. Mimi najua ya kwetu."

Baba hakuwa mtu wa kumpandishia mama yake sauti, lakini zulia lile lilimuuma. Akashika kamba. Ayeeyo akaketi kizingitini, akanyoosha miguu, njia ikazibika.

"Wenzake wote nimewaacha porini, mizoga," akasema, na sauti ilikuwa ikitetemeka. "Huyu simwachi. Ukimtoa, nitoe na mimi."

Nikaanza kulia. Mama akaniambia ninyamaze, naye machozi yalikuwa yanamlengalenga. Baba akaiachia kamba, akaketi, akala wali wake bila kumtazama mtu. Alikuwa bado ananung'unika juu ya harufu tuliposikia mshindo mzito nje. Tukatoka mbio. Ukuta wa udongo, uliokuwa ukinywa maji kutoka chini siku zote zile, ulikuwa umelala kifudifudi juu ya nyasi. Kibanda cha Addey hakikuonekana, ila ncha ya bati iliyochomoza kwenye tope.

Baba aliingia chumbani, akatoka na blanketi lake mwenyewe, akalitandika chini ya Addey. Asubuhi iliyofuata Addey alizaa mapacha juu yake, majike wote wawili.

Leo mimi ni mtu mzima, nimesoma. Najua uyoga hupenda ardhi iliyoshiba maji, na kwamba maji yalikuwa yakituama chini ya ukuta ule, tena kwenye samadi ya baba. Hapakuwa na fisi. Wanangu wakinicheka nawaambia wacheke tu, lakini mbuzi alipona, na mwenye elimu wa nyumba yetu alikuwa tayari kumrudisha palepale.

Hata hivyo, mbuzi siye ninayemkumbuka zaidi. Namkumbuka ayeeyo pale kizingitini, anaogopa. Tulidhani amekwisha, kumbe aliyekwisha haogopi kitu. Yeye aliogopa kwa sababu moyoni alikuwa bado na kundi zima analolitarajia, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona. Jioni ile ya mapacha alikula sahani yake yote, akaomba aongezewe. Mama aliichukua sahani, akaenda nayo jikoni, na akakawia sana kurudi, kwa kuwa alikuwa analia.