Sentensi Tano Mbele ya Mama Mkwe

Binti yangu wa kidato cha pili alipewa kazi ya Kiingereza: atunge sentensi tano kuhusu mambo ambayo mtu wa nyumbani kwao alikuwa akiyafanya kila mara mpaka akachosha watu. Mwalimu aliwaambia kwamba "kila mara" ikiingia kwenye sentensi ya namna hiyo, sentensi inakuwa ya kulalamika. Mtu wa kulalamikiwa nikawa mimi. Sikushangaa, maana hapa Korogwe sijaona anayenishinda kukaa nyumbani.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Handeni. Akamwambia mjukuu wake, "Hebu nisomee, halafu unieleze kwa Kiswahili."

"Baba alikuwa kila mara akiahirisha safari ya kwa bibi. Baba alikuwa kila mara akisingizia mgongo."

Miaka miwili nilikuwa nikimtumia mama mkwe salamu za mgongo unaouma, naye akinitumia mizizi ya kuchemsha, ambayo sikuwahi kuichemsha. Kwetu mkwe habishani na mama mkwe, kwa hiyo nikamgeukia mtoto.

"Hiyo ya pili ina kosa."

"Kosa gani, baba?"

Halikuwepo.

Mama mkwe hakunitazama. Alimwambia mke wangu, "Mwambie mwenzio, mgongo wa namna hiyo unapanda basi. Jumamosi tunaondoka wote."

Mke wangu akanigeukia, akanirudishia maneno yale yale kana kwamba nilikuwa katika chumba kingine. Nikamtuma ajibu kwamba nimekubali.