Ragnvald Ajifunza Kupinda

Tangu ujanani Ragnvald alipuliza glasi za mvinyo katika kiwanda kimoja cha Småland, Uswidi, zote zikifanana kama mapacha, na alijivuna kweli kweli. Kiwanda kilipofungwa, mafundi wakaambiwa kwamba mashine zinatosha kwa glasi. Watu sasa wanataka sanaa.

"Sanaa?" akamwambia mkewe, Gunvor. "Si ndiyo kazi ya walioshindwa kunyoosha kioo?"

Hata hivyo aligeuza banda la nguruwe kuwa karakana, akajenga tanuri dogo, akabandika kibao: MSANII. Kila alipokipita alijihisi kama mtu aliyevaa suruali ya jirani.

Shida ilikuwa mikono. Kichwa kilitaka bata anayeruka. Mikono ikatoa glasi ya mvinyo. Kilitaka wimbi, glasi ya mvinyo. Akafumba macho, akapuliza ovyo. Ikatoka glasi ya mvinyo, tena nzuri kuliko zote.

Sixten, mwenzake wa kiwandani, alikuja na samaki wa kuoka kwenye moto wa tanuri, kama zamani. Akaikagua rafu.

"Bwana msanii, hii yaitwaje?"

"Machozi ya Ziwa."

"Na hii?"

"Ukimya."

"Mbona mimi naona glasi na glasi?"

"Hata mimi, ndugu yangu!" Wakacheka hadi samaki wakaungua.

Kicheko kilimlegeza. Aliposhika tena bomba lake la kupulizia, kioo kikalala upande, na mikono ikakimbilia kukinyoosha, kama mama anayemfuta mtoto kamasi. Akaizuia. Ilikuwa taabu kama kuzuia chafya. Kikatoka chombo chenye tumbo kubwa na shingo fupi, kimeinama.

"Mume wangu, huyu ni wewe ukitoka kuoga," akasema Gunvor.

Kiwandani hakuwahi kutia jina lake kwenye kioo. Sasa akashika kalamu ya chuma, akachora jina kwa madaha. Gunvor akalisoma.

"Ragnvad? Ndiye nani?"

Alikuwa ameruka herufi katika jina lake mwenyewe. Masikio yakawaka kwa aibu. "Huyo ndiye msanii," akasema. "Mimi mpuliza glasi tu."

Mgeni kutoka Stockholm alikitaka chombo kile. Gunvor akakataa katakata, akakitia maua. Kwa kuwa kimeinama, maji humwagikia kitambaa cha meza, naye Ragnvald huyapangusa bila kunung'unika; akionwa na wageni, huyapangusa polepole zaidi.